Mstari wa Nne wa Wasifu wa Joviana

Kwetu mtu akifa anakuwa malaika kwa ukurasa mmoja. Umehudhuria misiba, unajua. Marehemu alikuwa mcheshi, mpenda watu, mchapakazi, hakuwa na makuu. Alianza kuugua mwezi fulani, akapelekwa hospitali fulani, madaktari wakajitahidi, lakini Mungu akampenda zaidi. Basi. Hata yule mlevi wa kijijini kwetu aliyewatoa wake wawili meno alisomewa hivyo hivyo, na watu wakaitikia amina.

Wasifu wa mama mdogo wangu, Joviana, niliusoma mimi. Aliuandika binti yake, Benitha, ambaye ni mwalimu Muleba, kwa mwandiko wake mzuri wa ubaoni. Ulikuwa na mistari tisa. Mstari wa nne ulikuwa uongo. Aliyeutunga uongo huo si Benitha, ni marehemu mwenyewe, na aliutunga kwa ajili yangu. Kwa hiyo namsimulia upya, na safari hii siruki kitu. Asiyetaka kusikia aende zake.

Mimi ni Elick. Nina kibanda cha kutengeneza simu Murongo, kando ya barabara inayoteremka darajani kwenda Uganda. Mama yangu alifariki nikiwa darasa la pili huko Bugene. Siku ya tatu ya msiba, watu wakiwa bado wanabishana nani atanichukua, mdogo wake Joviana alinyanyuka, akafunga kitenge chake vizuri, akasema, "Nyie endeleeni na kikao, mimi na mwanangu tunaondoka." Akanipakia nyuma ya baiskeli mpaka Bugomora, kwenye kibanja chake. Mumewe, Apolinary, alituona tunaingia, akaniangalia, akaenda kukata mkungu mwingine wa ndizi. Hakuulizwa na hakuuliza.

Apolinary naye alikufa mapema. Joviana akabaki na migomba, mibuni, na watoto wawili, mmoja wa kuzaa na mmoja wa kuokota, na akatusomesha wote. Alikuwa na mdomo, jamani! Akikuta umelala saa moja asubuhi anakuuliza kama umejifungua mapacha. Mnunuzi wa kahawa akijaribu kuchezea mizani, anamwambia, "Waitu baba, ondoa hicho kidole, au nacho kinanunua kahawa?" Kijiji kizima kilimwogopa na kijiji kizima kilikuja kula kwake.

Simu kubwa ya kwanza nilimpa mimi, nikiwa nimeshafungua kibanda. Nilimpelekea ikiwa mpya ndani ya boksi lake. Akalikataa boksi. "Mimi nikae na karatasi za nini? Weka wewe." Simu akaichukua, akaiweka pale ambapo wanawake wa kwetu huweka kila kitu chenye thamani, ndani ya sidiria, upande wa kushoto. Humo mlikuwa na noti zilizokunjwa, rozari, ufunguo wa stoo, na sasa simu. Alilima nayo, alipika nayo, aliimba nayo kwaya.

Bugomora mtandao ni wa kubahatisha. Ukiwa bondeni simu inakukaribisha Uganda, ukipanda kwenye kahawa inakurudisha Tanzania, ukikaa katikati hakuna anayekutaka. Na simu inayotafuta mnara wa mbali hutumia nguvu nyingi, hivyo hupata joto. Hilo fundi yeyote analijua. Joviana naye alilijua kwa ngozi yake. Akawa anawatania wenzake baada ya misa, anajipigapiga kifuani, "Apolinary aliniacha na baridi. Huyu ndiye mume wangu wa sasa, ananipasha mchana kutwa." Wanawake wanacheka mpaka wanashikana mabega.

Mwezi wa tano wa mwaka uliotangulia kifo chake, siku ya gulio, alikuja kibandani na debe la maharage kwenye bodaboda. Nikamwamkia, akaitika marahaba akiwa haniangalii. Akakaa kwenye stuli akasubiri wateja waishe. Mtu huyo hakuwa wa kusubiri.

"Elick, shusha pazia."

Nikashusha.

"Hii simu yako inanichoma. Imeniotesha kitu."

Akachukua mkono wangu, kama alivyokuwa akinishika zamani kunionyesha namna ya kupanda kahawa, akauweka juu ya blauzi. Kulikuwa na kitu kigumu, kikubwa kama punje ya harage. Hakikuwa kinauma, alisema. Kilikuwa pale pale simu inapokaa. Na wiki hiyo kwaya nzima ilikuwa imerushiana sauti kwenye WhatsApp, mwanaume asiyejitaja jina, anaongea taratibu kama anahubiri Jumatano ya Majivu, kwamba mwanamke anayeweka simu kifuani anajipandia kansa.

Hapo ndipo nilipotakiwa kusema maneno mafupi tu: mama mdogo, mimi natengeneza simu, kifua kinatengenezwa hospitali, panda bodaboda twende. Ningesema hivyo, leo nisingekuwa na habari ya kuwasimulia. Lakini mimi ni fundi, bwana. Fundi akiulizwa hasemi sijui. Nikaenda kwenye rafu, nikashusha lile boksi alilolikataa, nikatoa kijitabu. Kijitabu chenyewe ni kile cha herufi ndogo ambacho hakuna binadamu anayekisoma, na kiko kwa Kiingereza. Nikavaa miwani. Nikatafuta ukurasa wa mawimbi ya redio na mwili wa binadamu, nikaanza kumtafsiria kwa sauti ya daktari bingwa.

"Wanasema simu ikivaliwa mwilini ikae umbali wa milimita kumi na tano. Wewe uliiweka ngapi?"

"Mimi niliiweka sifuri."

"Umeona? Imeandikwa. Wenyewe walioitengeneza wanajua."

Akakichukua kile kijitabu, akakiangalia, akakigeuza. Hakujua Kiingereza lakini aliheshimu maandishi. Kitu kikishaandikwa na kupigwa chapa, kwake kilikuwa kimeshuka kutoka juu.

"Kwa hiyo ni hii?"

"Ni hii."

"Na kivimbe?"

"Ondoa simu hapo. Kitashuka chenyewe."

Nilisema hivyo. Na mkono wangu ukaenda kwenye droo, nikatoa stika ya dhahabu, zile za kuzuia mionzi zinazoingia kutoka Kampala, nikambandikia nyuma ya simu. Bure, kwa sababu ni mama yangu. Akapumua. Akanishika shavu, akasema, "Kusomesha kumbe si hasara." Yesu wangu! Kila nikikumbuka shavu langu linawaka.

Sasa lazima muelewe alivyofikiri, maana si mjinga, na atakayemwita mjinga tutagombana. Sisi tumekua na funza. Mtoto akiingiwa na funza, mama anachukua sindano, anamtoa, anapaka kitu kidogo, basi, hakuna anayekwenda zahanati. Kidonda kinajifunga chenyewe kwa sababu aliyekuwa anakileta ametoka. Joviana alikuwa ametutoa funza mamia. Kwa hiyo simu ilipotoka kifuani, kwake kazi kubwa ilikuwa imekwisha, na kilichobaki kilikuwa kusubiri. Alisubiri kwa utii, kama alivyofanya kila kitu.

Akashona kimfuko cha kitenge, akawa anakining'iniza kwenye tawi la mbuni wakati anapalilia. Usiku simu ililala jikoni. Kisha akaanza kuwahubiria wengine. Baada ya misa aliwapanga wanawake, "Toeni! Toeni hizo takataka kifuani!" Na wao wanatoa, wanacheka, anawashonea vimfuko kwa mabaki ya vitenge vyake. Jirani yake Restuta, wanayepakana migomba, alishonewa cha kwanza. Halafu wote wakatumwa kwangu kwa ajili ya stika. Kwa miezi kadhaa Bugomora nzima ilikuwa inatembea na simu kiunoni zenye mgongo wa dhahabu. Mimi nilijisikia mtu mkubwa. Nilijiona ninaokoa watu.

Kila gulio nilimuuliza, "Vipi kile?" Naye, "Kimetulia." Sikuuliza kutulia maana yake nini. Alianza kujifunga kitenge juu zaidi, mpaka kwapani, na mavuno ya kahawa yalipofika alikuwa anaanika kwa mkono mmoja. Nikamwambia apumzike. Ndiyo busara niliyokuwa nayo.

Mwaka ukapita. Mwezi wa sita akaja kibandani Placidia, nesi wa zahanati, kioo cha simu yake kimepasuka. Akaona stika zimepangwa mezani.

"Hizi za nini, fundi?"

"Za kuzuia mionzi, sista. Kina mama walikuwa wanapata vivimbe."

Akachukua moja, akaigeuza kwenye mwanga, akacheka. Alicheka vizuri tu, bila dharau. Kisha akaacha kucheka.

"Kina mama gani?"

Nikamwambia kuna mama mmoja Bugomora. Sikusema ni mama yangu.

Placidia akaweka stika chini. "Sikiliza. Mimi si mtaalamu wa simu. Lakini tulifundishwa hivi, haya mawimbi kazi yake mwilini ni joto, tena dogo, na ule mpaka ulioandikwa kwenye vijitabu umewekwa chini sana ya kiwango kinachodhuru. Kwamba simu kifuani inaleta kansa ya titi, hakuna aliyethibitisha. Wanaendelea kuchunguza. Mtu akitaka kuiweka mbali aiweke, haina ubaya. Lakini kivimbe ni kivimbe, fundi! Kiwe kimeletwa na simu, kiwe kimeletwa na upepo, kinapimwa. Huyo mama amepimwa?"

"Nadhani."

"Unadhani?"

"Nitamuuliza."

Alipoondoka nilikisoma kile kijitabu tena, safari hii nikisoma kweli. Palikuwa na neno kansa? Hapakuwa. Palikuwa na kivimbe? Hapakuwa. Zile milimita kumi na tano zilikuwa umbali walioupimia simu ikitoa nguvu zake zote, kuhakikisha haivuki mpaka. Nilikuwa nimesoma kipimo cha kiwandani nikakitangaza kuwa ugonjwa na dawa yake. Nikachukua simu mbili zinazofanana, moja nikaibandika stika. Iliyobandikwa ikapoteza mtandao kidogo, na baada ya muda ikawa ya moto kuliko mwenzake, kwa kuhangaika kutafuta mnara. Na hilo, nitasema ukweli, nilikuwa nimeshaliona kwenye simu za wateja. Nililiona nikanyamaza.

Nilipaswa kufunga kibanda saa ile ile nikamwambie. Sikufunga. Nilikaa siku kumi na moja. Nilikuwa ninatafuta namna ya kumwambia bila yeye kujua kwamba nilimdanganya. Hiyo ndiyo sababu, hakuna nyingine. Niliogopa kuonekana mjinga mbele ya mwanamke aliyenifundisha kufunga kamba za viatu.

Siku ya kumi na mbili nikaenda. Nilimkuta anachambua maharage uani. Nikamwamkia, nikakaa chini kwenye majani makavu ya migomba, nikamwambia twende hospitali.

"Ya nini? Simu si niliitoa?"

"Haikuwa simu, mama mdogo."

"Wewe si ndiye uliyesoma? Kitabu kimebadilika?"

"Kitabu hakijabadilika. Mimi sikukielewa."

Aliendelea kuchambua. Punje nzuri huku, mbovu kule. Nikafikiri hajanisikia. Kisha akasema polepole, "Mwaka mzima, Elick." Hakufoka. Mdomo ule wote, na hakufoka. Heri angenipiga na ungo. Akafungua kitenge, akanionyesha, kwa sababu nilikuwa mtoto wake na hapakuwa na cha kuficha tena. Ngozi ilikuwa imekakamaa kama ganda la chungwa, chuchu imezama ndani, na kwapani kulikuwa na vivimbe vingine. Nililia pale pale kama mtoto. Yeye ndiye aliyenyanyuka kwenda kutafuta viatu.

Hospitali ya wilaya hawakutuweka hata siku moja, wakatuandikia kwenda Mwanza. Benitha akaja kutoka Muleba, tukawa watatu. Baada ya vipimo daktari alitukalisha, akafungua faili, akamuuliza Joviana, "Mama, uliona lini kwa mara ya kwanza?"

Nikafungua mdomo. Joviana akanitangulia.

"Mwezi huu, daktari."

"Mwezi huu?"

"Mwanzoni mwa mwezi huu. Nikamwambia huyu mwanangu, akanileta mara moja."

Daktari alimwangalia, akaniangalia mimi. Alijua. Mtu anayeshika vifua kila siku hawezi kudanganywa na tarehe. Lakini aliandika alichoambiwa. Benitha alinishika mkono kunishukuru, na mimi nikaukubali mkono ule. Ugonjwa ulikuwa umefika kwenye mapafu na mifupa. Walisema wangempa dawa za kupunguza maumivu na nyingine za kujaribu, na kwamba angekuja mapema wangekata, wangetibu, na angekuwa na nafasi nzuri. Walisema hivyo kwa Kiswahili safi, hakuna aliyehitaji kutafsiri.

Tulimrudisha Bugomora mwezi wa tisa. Alikuwa mwepesi, nilimbeba kutoka kwenye gari kwa mikono miwili bila kuhema. Mwezi wa kumi na moja watu wakiwa wanakimbizana na senene nje, yeye alikuwa anahisi baridi chini ya mablanketi matatu. Alasiri moja nilikuwa naye peke yangu. Simu yake ikalia jikoni kwenye kimfuko, Benitha anapiga. Nikaileta, nikaiweka sauti kubwa, wakaongea kidogo. Alipochoka akaniambia, "Usiirudishe jikoni. Nipe mume wangu."

Sikuelewa. Akagusa kifua, upande wa kushoto, juu ya bandeji.

Mkono wangu ukagoma. Nilikuwa nimesoma, nilikuwa nimepima, nilijua kwamba kile kisimu hakikuwa na kosa, na bado mkono wangu ulibaki hewani. Nilikuwa nimelitangaza kosa lile mpaka lilikuwa limeniingia mwenyewe.

"Weka, mwanangu," akasema. "Si yeye."

Nikaiweka. Ilikuwa bado na joto la maongezi. Akafumba macho, akasema joto lake zuri. Akafa Alhamisi ya wiki ile.

Msibani walinichagua nisome wasifu kwa sababu nilikuwa mtoto wa kiume na nina sauti. Kaburi lilikuwa katikati ya migomba, pembeni ya Apolinary. Nikashika kipaza sauti. Mstari wa kwanza kuzaliwa, wa pili ndoa, wa tatu watoto, Benitha na Elick. Wa nne ulisema hivi: "Marehemu alianza kujisikia vibaya mwezi wa sita mwaka huu, na mara moja mwanae Elick akampeleka hospitali."

Mbele yangu walikuwa wamekaa wanawake wa kwaya, kila mmoja na kimfuko cha kitenge kiunoni. Nilivitambua vitenge vyote. Nilisoma mstari wa nne kama ulivyoandikwa. Nikamaliza tisa, watu wakasema amina, nikaketi.

Tukatupa udongo. Wakati watu wanaanza kutawanyika kwenda kula, Restuta akanisogelea, yule jirani wa migomba. Macho yamemvimba kwa kulia. Akafungua kimfuko, akanionyesha mgongo wa simu.

"Pole sana, fundi. Samahani kukusumbua leo. Stika yangu imebanduka. Nitakuja Jumatatu unibandikie nyingine, maana hiki changu bado hakijashuka."

"Kipi?"

Akashika kwapa, kwa haya, kidole kimoja.

"Mama Benitha, Mungu amrehemu, aliniambia nivumilie tu, chake kimetulia."

Nikamshika mkono, nikarudi naye mpaka kaburini, nikamwomba katekista kile kipaza sauti alichokuwa ameanza kukifunga waya. Watu waligeuka na sahani mikononi. Benitha alikuwa amesimama penye shada la maua, akanitazama kwa upendo, akidhani nataka kushukuru majirani.

"Wasifu niliosoma una uongo kwenye mstari wa nne," nikasema. "Joviana hakuanza kuugua mwezi wa sita. Alikuja kwangu mwaka jana mwezi wa tano, na mimi nikamwambia ni simu, nikambandikia karatasi. Simu haikumuua. Mwenye kivimbe hapa asije kwangu. Aende hospitali, aende kesho."

Hakuna aliyesema amina. Sahani moja ilianguka mahali fulani nyuma. Benitha alikuja taratibu, akachukua ule wasifu mkononi mwangu, akaukunja mara nne, akaingia ndani na kufunga mlango.

Jumatatu Restuta hakuja kibandani. Alikwenda kwa Placidia, na wengine wanne walikwenda naye, mmoja akiwa na kivimbe ambacho hajawahi kumwambia hata mumewe. Majibu yao bado. Stika nilizichoma moto. Benitha hajanipigia mpaka leo, na mimi simu naiweka mfuko wa shati, kifuani, nisije nikakosa kuisikia.